Siku yangu moja gereji: tela la Mama Matunda na breki zake za umeme

Saa 11 alfajiri

Nimeamka kabla ya adhana na kitu cha kwanza kichwani ni tela. Jana magharibi Mama Matunda alinipigia, fundi kesho nakuletea gari na tela, dereva wangu kashuka Lushoto na mzigo breki za gari zikatoa moshi kabla hawajafika Mombo, nusura waende bondeni. Nikamwambia mama leta mapema kabla jua halijawa kali, tukaagana, na mie nikabaki nimekaa kitandani na simu mkononi.

Ile barabara ya Mombo mpaka Lushoto naijua. Ni kilomita 30 na kitu tu lakini ni kona juu ya kona, huku mwamba huku bonde. Zamani nikiwa utingo, hata ufundi sijaanza, tulishuka pale na pikapu inavuta tela la kienyeji lisilo na breki hata moja, mbao zimejaa. Dereva kakanyaga, gari imepunguza, tela halina habari. Unalisikia linakusukuma kwa nyuma kama mtu anakupiga kikumbo, mara ya kwanza, ya pili, na pedali inazidi kushuka. Tulisimama kwa sababu dereva aliichomeka gari kwenye udongo upande wa mlima, Mungu alitusitiri. Tangu siku hiyo mtu akinitajia breki za tela sina mchezo naye.

Saa 1 asubuhi

Chai ya rangi na mihogo ya jana, nikapanda baiskeli hadi gereji, Ngamiani. Dogo ninayemfundisha kashafika, kafagia, kamwaga maji vumbi lisipande. Nimemwambia leo chaji betri ya mita ya kupimia umeme, tafuta jeki zote mbili na stendi nne, leo kazi yetu sio ya kufunga redio ya gari.

Jana usiku nilimwomba Mama anitumie picha ya boksi la kifaa alichonunua, yaani kontrola ya kutuma umeme kwenye breki za tela, na sikukipenda, nitaeleza kwa nini. Kwahiyo nilimpigia jamaa yangu Dar anayefunga magari ya safari, nikamwambia ile kontrola ya Tekonsha Prodigy P3 uliyonayo ipakie kwenye basi la kwanza, Mama akiitaka sawa, akikataa itabaki kwangu, ipo siku itapata mwenyewe.

Saa 2 kasoro

Wamefika. Land Cruiser mkonga pikapu, nyuma tela la Kimarekani la ekseli mbili, limeagizwa likiwa limetumika. Kibati cha kiwandani bado kinasomeka, kila ekseli ratili 3,500, yaani kama kilo 1,588. Mama analitumia kushusha kabichi, viazi, karoti na mapeasi, na likijaa linapita tani mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, za hapa?"

"Salama. Poleni sana na mkasa."

"Tumeshapoa, Mola kanusuru. Kifaa chenyewe hiki hapa, mwanangu kaninunulia mtandaoni, kasema ukishafunga hiki breki za tela zinaamka zenyewe. Saa ngapi nije kuchukua gari?"

"Mama, saa sikupi bado. Naomba kwanza nilitazame tela."

Akanitazama kama vile simwelewi. Nikamwelewa pia, maana watu wengi wanaonijia na jambo hili wanakuja na boksi mkononi, wamelipa hela nyingi, na hakuna aliyefungua hata dramu moja, lile bakuli la chuma la breki kwenye gurudumu, kuona kama huko ndani kuna kitu cha kuamshwa. Kontrola inakaa kwenye dashibodi, kazi yake ni kutuma umeme. Anayesimamisha tairi yuko kule chini kwenye grisi na vumbi, na yule ndiye wa kumuuliza hali kwanza.

Nimemweleza hivi, nawaelezea na nyie. Ndani ya kila dramu kuna sumaku ya umeme, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichotumika nusu. Umeme ukifika inavutwa kwenye uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo kidogo, na ule mburuto unavuta mkono wa chuma unaosukuma lainingi, vile vipande vya kusugua dramu, zibane. Umeme mwingi, inabana sana. Umeme kidogo, inabana kidogo. Hakuna mafuta ya breki, hakuna bomba. Kazi ya kontrola ni kupima umeme kiasi gani uende na uende lini.

Saa 2 na nusu mpaka saa 4 na ushee

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kufungua. Unatenganisha waya mbili za kila gurudumu unapima omu, yaani ukinzani wa umeme. Sumaku ya dramu ya inchi 10 ikiwa nzima inasoma kama 3.2. Gurudumu la kwanza 3.3, sawa. La pili 3.2, sawa. La tatu mita haisomi kitu, hapo waya umekatika mahali. La nne 1.4, nikamwambia dogo andika hiyo na uiwekee mstari, sumaku hiyo imeingia shoti ndani kwa ndani, itakunywa umeme na haitavuta inavyotakiwa.

Tukapandisha juu ya stendi, tukavua. La tatu waya ulipita karibu mno na ule mkono wa chuma, kila breki ikikanyagwa unasuguliwa, ukasuguliwa mpaka ukakatika, na nyuzi za shaba zimegeuka kijani, chumvi ya bahari hiyo, hapa kwetu Tanga waya ukiwa wazi wiki mbili tu unaanza kuota kijani. La nne ndilo lililonihuzunisha. Sili ya nyuma imepasuka, grisi ya beringi imevuja ikapaka dramu nzima, lainingi zinateleza kama samaki, na sumaku yenyewe imelika upande mmoja mpaka koili inachungulia. Nimeita dereva aje aone kwa macho yake. Kijana mtaratibu tu, amesimama pale kashika kiuno, akasema fundi, kumbe nilikuwa navuta tela la magurudumu mawili. Nikamwambia hata hayo mawili, ngoja tuyaone.

Lainingi iliyolowa grisi haisafishiki, msidanganywe na petroli wala sabuni, ukiipasha moto barabarani grisi inarudi juu. Ni ya kutupa. Na ukibadilisha upande mmoja badilisha na mwenzake wa ekseli ileile, la sivyo tela litavuta upande. Bahati nzuri mwaka juzi nilinunua ekseli chakavu la aina hii kwa muuza vyuma, nikavua kila kilicho kizima nikahifadhi kwenye sanduku. Sumaku mbili, seti ya lainingi, springi. Nimepima sumaku, 3.2 na 3.2. Sili nimemtuma dogo maduka ya spea na ile ya zamani mkononi ili waifananishe.

Baada ya kurudishia, kubana. Kuna kigurudumu chenye meno nyuma, unakizungusha kwa bisibisi bapa huku tairi linazungushwa kwa mkono, mpaka tairi ligome, halafu unarudisha nyuma meno 8 mpaka 10, unasikia lainingi zinagusa kwa mbali sana kisha tairi linazunguka. Hatua hii wengi wanairuka. Breki ikiwa legelege, ule mkono wa chuma unamaliza safari yake kabla lainingi hazijabana, na hapo hata uwe na kontrola ya bei gani hupati kitu.

Saa 4 na nusu

Kahawa kijiweni, kashata moja moja. Mama karudi kutoka sokoni, kakaa na sisi, na hapo ndio tukazungumza kuchagua.

Kile cha mtoto wake ni cha kuhesabu muda. Maana yake ukigusa pedali ya breki, kinaanza kupandisha umeme kidogo kidogo mpaka kiwango ulichokiwekea, na hakijui wala hakiulizi umekanyaga kwa nguvu gani. Mtu akivuka barabara ghafla ukakanyaga kwa nguvu zote, chenyewe kinapanda kwa mwendo wake uleule. Ukiwa kwenye foleni unagusagusa tu, chenyewe kinakubania tela kuliko unavyotaka. Kwa mtu anayevuta tela jepesi mara moja moja mjini, kwenye tambarare, kinatosha na ni rahisi, simkatazi mtu.

Kile ninachokisubiri mimi kinapima gari inapunguza mwendo kwa kasi gani. Ndani kina kihisi, ukikanyaga kidogo kinatuma kidogo, ukikanyaga sana kinatuma sana, hapohapo. Tela na gari vinapungua pamoja. Kwa mtu wa Lushoto, ambaye kwenye saa moja ya kushuka anagusa breki mara mia, mimi kwa dhamiri yangu siwezi kumfungia kile kingine.

"Bei yake?" Mama kauliza.

Nikamwambia. Ni zaidi ya mara mbili. Akanyamaza, akanywa kahawa, akauliza si zipo zile za kuchomeka tu kwenye soketi unarekebisha kwa simu? Nikamwambia zipo na ni nzuri kwa mtu mwenye magari mengi, lakini kwako wewe dereva ni mmoja na gari ni moja, nataka lever ya mkono, ile ya kubana breki za tela peke yake, iwe pale karibu na goti lake, aifikie bila kutazama, simu ikiwa na chaji au haina. Mama kamtazama dereva, dereva katazama chini, Mama akasema funga hiyo ya Dar, hiki cha mtoto nitamrudishia.

Hapo hapo kijiweni kaja mzee mmoja mvuvi ana boti Raskazone, kasikia mazungumzo, anataka na lake la boti nilifungie sumaku. Nimemwambia mzee wangu hapana, nisamehe. Tela la boti linazamishwa maji ya chumvi kila siku, sumaku na swichi zile haziwezi, mwaka hautaisha. La boti linataka breki za mafuta zinazojibana zenyewe tela linaposukuma gari, na kulisuuza maji baridi kila ukitoka baharini. Kaniuliza kwa hiyo hutaki kazi? Nikamwambia kazi naitaka ila sio hii, njoo Jumamosi tuzungumze ile nyingine.

Saa 6 na nusu

Bodaboda kaleta mzigo kutoka stendi ya Kange. Tumeswali adhuhuri, tumekula wali wa nazi na changu wa kukaanga kwa mama lishe wa jirani. Kwenye mlo nimesoma karatasi ya maelekezo upya mwanzo mpaka mwisho japo hii ni ya nne kufunga.

Saa 7 mchana

Sasa gari yenyewe. Kwanza volti. Nimepima betri, 12.6. Napima kila mara maana Land Cruiser za zamani nyingine zina mfumo wa volti 24, na ukichomeka sumaku za 12 kule unazichoma zote siku moja. Nimetoa negativu ya betri ndio nikaanza.

Waya za kontrola ni nne tu. Nyeusi inaenda positivu ya betri, nyeupe ni ethi, njia ya umeme kurudi betri, nyekundu inaenda kwenye swichi ya taa ya breki, na ya bluu ndiyo inayopeleka umeme kwenye breki za tela. Mtu akiona waya nne anaona kazi ya nusu saa, na ndio hapo kazi zinapoharibika.

Nyeusi nimeivuta moja kwa moja mpaka betri, waya wa milimita mraba 4, sio zile nyembamba za spika. Sumaku moja inakula kama ampea 3, nne ni 12, na waya mwembamba unakula volti njiani, breki zinafika zimechoka. Karibu na betri nimeweka breka ya ampea 20 ya kujirudisha yenyewe, sio fyuzi, maana fyuzi ikikatika mlimani imekatika, ile breka ikipoa inarudi. Kwa ekseli tatu ningeweka ya 30. Ukuta wa injini nimetoboa nikavisha mpira kwenye tundu, waya usiguse bati.

Nyeupe, ethi, nayo nimeipeleka mpaka negativu ya betri. Kuikaza kwenye skrubu yoyote ya dashibodi ni rahisi na ndio ugonjwa wa nusu ya kontrola ninazoletewa.

Nyekundu ndio ya kupima kwa makini. Swichi ya pedali ina waya za pande mbili, moja ina umeme muda wote na nyingine inapata umeme pale tu unapokanyaga. Unataka ya pili. Nimerudisha betri kwa muda, dogo kakanyaga, mita kwenye waya, 12, kaachia, sifuri, kakanyaga, 12. Nimetoa betri tena nikaunga kwa kulehemu, nikavisha mpira wa kubana kwa moto. Sitaki kuunga kwa kuzungushia tu na tepu, tepu kwa joto la Tanga inayeyuka gundi ndani ya miezi.

Saa 8 na robo

Hapa ndio nikakutana na kile kilichonikasirisha kwelikweli.

Nimefungua soketi ya nyuma ya gari. Kuna fundi, simjui na simtaji, aliwahi kuunganisha tela hili na gari hii kwa kufuata rangi. Njano kwa njano, kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Sasa sikilizeni. Kwenye tela la Kimarekani bluu ni breki. Kwenye soketi ya duara ya Ulaya tuliyoizoea kwenye magari yetu bluu ni taa ya ukungu ya nyuma, na kwa kuwa gari hii haina taa hiyo, mwingine kabla yake alikuwa ameitumia kwa taa ya rivasi. Kwahiyo kila dereva akiingiza gia ya kurudi nyuma, volti 12 kamili zinakwenda kwenye breki za tela. Akienda mbele hakuna hata chembe.

Nimemwita dereva. Nikamuuliza, ukirudi nyuma tela huwa linakuwaje? Akasema linagoma fundi, linakaza, mie nikadhani ni uzito, nakanyaga mafuta zaidi. Miezi minne. Zile breki mbili zilizokuwa nzima zilikuwa zinabana kwa kurudi nyuma sokoni tu, na mlimani zilikuwa zimelala. Nilikaa chini kidogo. Sio kosa la dereva, na yule fundi nadhani hakujua, lakini mtu asipojua aulize, au apime. Mita ni kifaa cha bei ndogo tu. Rangi ya waya ni makubaliano ya watu wa nchi fulani, pengine wenzao wamekubaliana vingine.

Nimeitoa soketi ile nzima, nimeweka ya Kimarekani ya pini bapa 7 kama ya tela, na bluu imetoka kwenye kontrola mpaka pini yake bila kuungwa popote katikati, waya wa milimita mraba 4 ndani ya bomba la plastiki juu ya chesisi, mbali na ekzosi. Ethi ya tela nimeipa waya wake wa unene ule ule, maana watu wanategemea ile tufe ya chuma ya kuvutia tela ipitishe ethi, na pale kuna grisi na kutu, tela likirukaruka ethi inakatika na breki zinakatika nayo.

Kuna tatizo lingine la Kimarekani, taa ya breki na indiketa kwao ni taa moja nyekundu. Gari yetu inazo mbalimbali. Kuna viboksi vya kubadilisha, lakini nimechagua njia nyepesi, nimefunga indiketa mbili za rangi ya chungwa nyuma ya tela, zile nyekundu zikabaki za breki tu, na umeme wa hizo nyekundu nimeupitisha pini ya katikati ambayo kwao ni ya rivasi. Nimechora mchoro kwenye karatasi, kila pini na kazi yake, nimeilaminisha kwa selotepu nikaibandika ndani ya kifuniko cha fyuzi. Fundi atakayekuja baada yangu asibahatishe.

Saa 9 na nusu

Kontrola nimeifunga chini ya dashibodi kulia kwa usukani, imelala sawa na mwendo wa gari, haiyumbi kushoto wala kulia, maana kihisi chake kinategemea hivyo. Nimemkalisha dereva kwenye kiti chake akanyage klachi, breki, ashuke, apande, goti lisiguse. Mkono wake ukaifikia lever bila kuinama. Sawa.

Tela likiwa bado juu ya stendi, dogo akazungusha tairi kwa mkono kwa nguvu, mie ndani nikasogeza lever taratibu. Tairi likapunguza, likapunguza, likasimama. Nikaachia, likazunguka. Manne yote. La nne, lile la grisi, dogo akalizungusha mara tatu kwa furaha tu na mie nikamwacha. Kukanyaga pedali gari imesimama hakuonyeshi kitu kikubwa kwenye aina hii, maana gari haipunguzi mwendo, kwahiyo msiogope mkiona namba ndogo kwenye kioo cha kontrola.

Ikabaki swichi ya dharura. Tela likichomoka kwenye gari, kamba inachomoa pini, na betri ndogo ya tela yenyewe inabana breki zote. Betri iliyokuwemo imekufa, inasoma volti 4. Nimeweka mpya ya 12, ampea saa 7. Nikachomoa kwanza plagi ya tela kutoka kwenye gari, hii muhimu, umeme wa dharura usirudi kwenye kontrola ukaiua, ndio nikavuta pini. Tumeshusha tela chini, watu wanne tumesukuma, halijasogea. Sheria ya Marekani inataka lishike dakika 15, tumeliacha likashika 20 tukinywa maji.

Saa 10 na nusu jioni

Barabarani. Jirani anajenga, ametuazima matofali, tumepakia tela kiasi cha kulifanya libebe uzito wa kweli, minyororo ya usalama nimeipitisha msalaba chini ya mkono wa kuvutia, tukatoka kwa barabara ya Segera kuelekea Pongwe, kipande kilichonyooka, magari machache.

Nimeanza na kontrola kwenye nguvu 6.0. Kwanza tukasimama mara kadhaa kwa upole lainingi zikae vizuri na zipate joto. Halafu mwendo wa kilomita 40 kwa saa, dereva haigusi breki ya gari, mie nasukuma lever yote. Tela likatuvuta kwa nyuma lakini kwa uvivu. 6.5. 7.0. Kwenye 7.6 tairi moja la nyuma likalia na kuacha alama kwenye lami, limefunga. Nikarudisha 7.2, linavuta kwa nguvu na halifungi. Hapo ndio mahali pake kwa mzigo ule. Tela likiwa tupu nitamwambia ashushe chini kabisa, pengine 4 na kitu, kwani tairi likifunga linateleza na tela linakuja pembeni.

Kisha akakanyaga pedali mwenyewe, kilomita 60. Gari ikakaa chini kwa utulivu, pua haikuzama, na nyuma hakuna msukumo. Hakuna. Dereva akageuka kunitazama, akarudia mara ya pili bila kuulizwa, na ya tatu.

Nimemfundisha tukiwa tumeegesha chini ya mwembe. Tela likianza kuyumba kushoto kulia usikanyage breki ya gari na usipigane na usukani, achia mafuta, sogeza lever kidogo, tela litajinyoosha lenyewe kwa kuvutwa nyuma. Kushuka Lushoto, gia ndogo kuanzia juu, usisubiri kona. Injini ishike kazi kubwa, breki ukanyage kisha uachie zipoe, usizikalie. Ukifika Soni simama, shuka, weka mkono karibu na kila gurudumu la tela, yote manne joto lifanane, moja likiwa la baridi hilo halifanyi kazi, likiwa la moto kuliko wenzake limebana. Akanirudishia yote kwa mdomo, nikamuuliza tena lile la kuyumba, akajibu sawa.

Saa 12 jioni

Mama kaja na bajaji, kalipa, na kaniletea mfuko wa mapeasi. Kashika lever kwa mkono wake mwenyewe akaisogeza, akauliza hiki kidude ndicho kinashika tani mbili? Nikamwambia hapana mama, kinachoshika ni zile nne za chini, hiki kinaziita tu, na zile za chini uniletee nizifungue kila baada ya miezi 6, au mapema ukisikia harufu. Kaandika kwenye daftari lake la mahesabu.

Dogo kaosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko na bado ananuka grisi, nimempa nusu ya mapeasi ampelekee bibi yake. Wanaondoka kesho alfajiri, wanapakia mchana, wanashuka keshokutwa asubuhi. Nimemwambia dereva anipigie akishafika Mombo. Sio wakati wa kupanda, wakati wa kushuka.